Siku Tuliyokupigia Makofi

Baba yangu,

Nimeolewa! Nimeolewa na Mwenda, yule kijana wa Mitunguu uliyemfundisha kushika raketi. Sasa ndiye mwalimu wa michezo mahali pako, hapa Kanyakine. Kila asubuhi ananiletea chai kitandani, kisha anakaa kunitazama nikinywa, kana kwamba kunywa chai ni ushindi. Sikujua furaha inaweza kumjaza mtu hivi, hadi aogope kusogea isije ikamwagika.

Na ninaogopa kweli, Baba.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitazama tenisi pamoja, wewe ukimenya njugu na kuwakaripia waamuzi? Bingwa mmoja alikusanya mataji makubwa, watu wakasema hakuna atakayemfikia. Akaja mwingine akampita. Huyo naye akapitwa. Nikakuuliza rekodi zina faida gani ikiwa zinavunjwa tu. Ukasema, "Kendi, rekodi ni jiwe la mpaka. Linakuambia kuna mtu alifika hapa kwa miguu yake. Basi wewe utakaaje nyumbani?" Kwa maneno hayo nilimaliza sekondari. Kwa maneno hayohayo Mwenda alitoka kwenye migomba ya baba yake akawa mwalimu. Hatujaacha kuyaamini.

Lakini Jumamosi ni fainali ya Kombe la Walimu. Mwenda amelishinda mara zilezile ulizolishinda wewe. Akishinda tena, atakuwa amekupita.

Katika fainali yako ya mwisho uliivunja rekodi ya yule mwalimu mzee wa Embu. Mpira wa mwisho ulipogusa mstari, wewe ukaanguka chali kwenye murram, ule udongo mwekundu wa uwanja, mikono umeitandaza. Sisi tukalipuka kwa shangwe. Si mabingwa wote kwenye televisheni huanguka hivyo wakishinda? Mama akapiga vigelegele. Wanafunzi wakaimba jina lako. Mimi nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Ulikuwa unakufa, Baba, nasi tunakushangilia.

Siku ya harusi, tulipotoka tu kanisani, Mwenda alijitupa chali kwenye nyasi na suti yake mpya, akatandaza mikono. "Nimeshinda!" akapaza sauti. Wageni walicheka hadi machozi. Mimi pia nilicheka, nikampenda zaidi. Kisha nikamwona Mama. Alikuwa ameshika kitambaa mdomoni, akimtazama Mwenda kifuani, kama anayesubiri kifua kipande na kushuka.

Wiki hii Mwalimu Njeru wa Kiritiri, atakayecheza na Mwenda, alimpigia simu. "Mtoto wa ndizi, Jumamosi nakumenya!" Mwenda akajibu, "Njoo na mbuzi wako wakusaidie kuokota mipira!" Akacheka kile kicheko chake kikubwa. Kicheko kikakatika. Mkono ukapanda kifuani, upande wa kushoto, akapasugua polepole. Wewe ulipasugua vivyo hivyo. "Ni gesi ya githeri niliyokula tu, mpenzi," akaniambia. Wewe ulimwambia Mama ni maharagwe.

Daktari wa Embu amemwambia asicheze kabla ya kupimwa moyo. Mwenda amempigia na kumwomba amngoje hadi baada ya fainali. Anasema anafanya hivi kwa heshima yako, ili jina lako litajwe tena uwanjani. Ninawezaje kumchukia kwa hilo? Ninampenda mpaka nashindwa kula. Murram imeshamwagiwa maji na kusawazishwa. Mama amekataa kuja. Ameosha nguo yake nyeusi, akaianika, na hakuna aliyefiwa.

Nisikilize, Baba. Bingwa aliyejiondoa mashindanoni akatibiwe goti, akarudi baadaye, ulimsifu pia. Ulisahau tu kumfuata. Kwa hiyo nakuahidi: kesho nampeleka Embu, hata akininunia, hata Njeru akimwita mwoga mbele ya walimu wote. Akikataa, Jumamosi nitaingia uwanjani na viatu vyangu vya harusi, nishike wavu, na hakuna mpira utakaopigwa. Jiwe lako libaki lilipo. Mimi nataka mume atakayezeeka.

Lala salama, Baba. Usimngoje.

Anafanya mazoezi nyuma ya nyumba, anapiga mpira ukutani. Nimekuwa nikiusikia tangu nianze kuandika. Sasa siusikii. Naweka kalamu chini nikamtazame.

Binti yako,
Kendi