Dumu la Dizeli Chini ya Kitanda

Jumatatu, 15 Februari 1993

Trekta limegoma tena. Nimeteka maji, nimemwogesha Neema, nimefagia uwanja, bado Baba Neema anapiga stata. Linakohoa, linanyamaza. Betri imekwisha kabla chai haijachemka. Wameitwa majirani kulisukuma. Limefika kwenye mnazi wa mpakani, likakaa.

Hili ndilo alilopewa shamba la serikali lilipofungwa. Wenzake walichukua haki zao kwa pesa wakafungua vioski. Yeye akasema trekta ni mali. Masika yako karibu, Mbezi nzima inataka kulimiwa. Mali imekaa mnazini.

Alhamisi, 18 Februari

Kaja Fundi Saidi wa Kimara. Kafungua vipaipu, katoa upepo, likawaka. Moshi mweusi hadi kwenye nguo nilizoanika. Sikujali nguo.

Fundi alipoondoka tu, Baba Neema kachukua mpira, kanyonya dizeli yote ya tangini, kaijaza kwenye dumu, kalisukumia chini ya kitanda. Kila jioni hivyo. Wezi, anasema. Kule shambani alikuwa karani wa stoo, na jioni kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, maana madereva walikuwa wanaiba. Na mie nisithubutu kumwambia fundi dizeli inalala wapi. Fundi ndiye mwizi wa kwanza.

Chumba kinanuka. Neema anakohoa.

Ijumaa, 19 Februari

Kairudisha dizeli tangini. Limegoma.

Jumatano, 24 Februari

Jana fundi kaliwasha. Leo asubuhi kimya. Baba Neema anasema fundi analiharibu makusudi ili aitwe tena. Kamwambia hivyo usoni. Mtu kafunga saumu, midomo imemkauka, anaitwa tapeli uwanjani kwangu. Niliona aibu. Fundi kasema labda ni pampu, maana hajui tena pa kushika.

Alipoondoka nikauliza, trekta halidhuriki kunyonywa kila siku? Baba Neema kacheka.

"Ng'ombe anakufa kwa kukamuliwa?"

Mbona ya shambani yalikuwa yanawaka, akasema. Lakini mwenyewe alishanisimulia kwamba mafundi wa kule waliingia alfajiri, yeye saa mbili. Alfajiri yote hiyo walikuwa wanafanya nini? Hajawahi kujiuliza. Yeye alikuwa mtu wa jioni.

Jumamosi, 27 Februari

Kauza kipande cha chini cha shamba letu. Cha mchicha wangu na matembele. Ili anunue pampu.

Mnunuzi ni bwana mmoja wa Kawe. Hakushuka garini mpaka mjumbe wa nyumba kumi alipofika. Mie niliambiwa nilete viti. Wakatia sahihi, nimesimama pembeni na mtoto mgongoni. Mchicha ule ndio uliotulisha tangu kazi yake iishe. Hakuna aliyeniuliza.

Nina hasira.

Alhamisi, 4 Machi

Pampu ilifungwa jana. Likawaka. Jioni mpira, dumu, kitanda.

Leo limegoma. Kakaa juu ya tairi. Sikumwonea huruma. Kidogo tu.

Jumapili, 7 Machi

Jana fundi kaja tena, kalitoa upepo, likawaka, kasahau spana zake. Neema naye kakohoa mpaka katapika. Baba yake alipokuja na mpira jioni, nikasimama mlangoni.

"Baba Neema, humu leo analala mtoto au linalala dumu. Chagua."

Kasema wezi. Nikasema basi kalinde. Kanitazama kama hanijui. Kisha kachukua mkeka, kaenda kulala ubavuni mwa trekta, dizeli ikiwa ndani ya tangi lake.

Asubuhi, stata moja. Limewaka. Nilikuwa napuliza moto, nikaacha.

"Si unaona? Pampu hiyo," kasema.

Mchana Fundi Saidi kapita kuchukua spana zake, kalikuta linanguruma. Kauliza tumelifanyaje. Nikamweleza yote. Mpira, dumu, kitanda. Mume wangu amesimama pale pale. Fundi kamwangalia yeye, kaniangalia mie.

"Shemeji, mie nafunga mchana. Hili mlikuwa mnalifungisha usiku."

Kasema tangi likikauka upepo unaingia kwenye vipaipu, hata liwe jipya haliwaki mpaka utolewe. Ile pampu ya zamani haikuwa na kosa. Kabeba spana zake. Baba Neema hakumwomba radhi. Kaingia ndani, kajifanya anatafuta kofia.

Jumanne, 9 Machi

Linawaka kila siku. Hatusemeshani.

Jumamosi, 13 Machi

Trekta limepata kazi yake ya kwanza. Ni ya yule bwana wa Kawe. Anataka kipande chake kilimwe, kipandwe mahindi, watu wajue kina mwenyewe.

Nimeamka mapema, nimechuma mchicha wote, hata ule mdogo. Matembele nimekata mashina yake, nitayachomeka nyuma ya choo. Baba Neema kasubiri mpaka nikamaliza. Kaninyanyulia beseni, kanitwisha.

Kisha kapanda trekta. Mara moja tu, likawaka.

Neema kampungia mkono. Siku hizi hakohoi. Upande wa Kibaha kumeanza kutanda wingu. Nimekaa na beseni, nachambua.