Nakala ya Ijumaa

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi yangu na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, ila macho yananilazimisha kuandika kwa herufi kubwa kidogo. Nisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu. Barua zako nilizipata zote. Kila moja iliniuliza nitahamia lini katika chumba ulichonijengea, nami sikuwa na jibu la kweli. Na jibu la uongo, unanijua, siliandiki.

Sasa nina habari. Nimerudi kazini maktabani. Usishtuke, wala usimwambie wifi kwamba dada yako amechanganyikiwa. Nilistaafu kihalali, nikaagwa kwa keki na saa ya ukutani. Aliyeniita tena si mtu, ni kompyuta.

Nikueleze taratibu. Kumbukumbu zote za maktaba, yaani vitabu, wasomaji, zamu za watumishi, hata kufuli la mlango wa mbele linalofunguka kwa kadi, zimo katika hifadhidata moja. Hifadhidata hiyo iliharibika. Fundi mpya wa kompyuta, mtu mzima mwenye utani usiokwisha, akatafuta nakala ya akiba ili airejeshe. Aliyoikuta kwenye sefu ilikuwa nakala iliyosahauliwa tangu kabla sijastaafu. Akairejesha hiyohiyo. Maktaba nzima ikarudi nyuma miaka miwili, nasi tukakokotwa nayo.

Asubuhi yake simu yangu ikalia. Ujumbe ulisema kwamba nina zamu ya saa mbili na kwamba kuchelewa hakuruhusiwi. Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe nilipokuwa mkuu wa maktaba, kwa hiyo sikuweza kuidharau. Nikapiga pasi sketi, nikaenda. Kadi yangu ya zamani, ambayo siku hizi naitumia kuonyesha nilipoishia kusoma, nikaigusisha mlangoni. Taa ya kijani ikawaka, mlango ukafunguka. Nilisimama pale kidogo nikiitazama ile taa.

Mkuu wa sasa, yule niliyemfundisha kazi mimi, nilimkuta nje na mkoba wake. Kwa mujibu wa mtambo, alikuwa bado hajaajiriwa. Akasema shikamoo mama, naomba unifungulie. Nilimfungulia, lakini nikamweleza kwamba asiye mtumishi huvaa kitambulisho cha mgeni. Akakivaa. Amekivaa kila siku tangu hapo, hata katika vikao anavyoviongoza yeye. Fundi naye alisema eti kwa macho ya mashine bosi ni mimi, basi mimi, bibi yake, nimsainie likizo yake mapema kabla sijapinduliwa.

Wasomaji walipata taabu. Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni, mtambo ukakataa kumwazima riwaya kwa sababu ulimtambua kama msomaji wa sehemu ya watoto. Aligeuka akauliza watu wote, jamani, na huyu mgongoni nimemwokota? Mwashi mmoja alidaiwa kitabu cha ufugaji wa kuku alichokwisha kukirudisha. Akaapa kwa sauti kwamba kuku wenyewe amewala wote, hicho kitabu angebaki nacho cha nini? Kila jambo liliishia mezani kwangu, na kila jambo nililitatua kwa saini yangu. Mdogo wangu, nilikuwa nimekaa nyumbani nikifuta meza isiyo na vumbi. Sikuwa nimekuambia hilo.

Kisha Fundi akaitisha kikao. Alisema njia ni mbili tu: ipatikane nakala mpya zaidi, au afute kila kitu mtambo uanze upya, na sisi tuandikishe tena kitabu kimoja kimoja na msomaji mmoja mmoja. Watumishi waliguna kama wagonjwa. Akaongeza kwamba amesikia zamani kila Ijumaa nakala ilitolewa nje ya jengo, ili jengo likiungua kumbukumbu zipone. Fundi aliyemtangulia ndiye aliyeipeleka, lakini amehamia mbali na hapatikani. Akauliza kama yupo anayejua ilipelekwa kwa nani. Watu wakatazamana. Mimi nikatazama saa.

Ilipelekwa kwangu. Kanuni niliiandika mimi: nakala ikae nje ya jengo kwa mtu mwaminifu, na kila Ijumaa irejeshwe, apokee mpya. Nilipostaafu hakuna aliyekumbuka kuniondolea jukumu hilo, nami sikukumbusha. Yule fundi wa zamani alipita mlangoni kwangu kila Ijumaa hadi alipohama, na kifaa alichoniachia mara ya mwisho kina kila kitu, pamoja na ajira ya Mkuu na kustaafu kwangu. Siku ya kwanza nilingoja niulizwe kwa utaratibu. Siku ya pili nikaogopa kuulizwa. Baada ya kikao kile nikafanya jambo ambalo sikutegemea kulifanya katika umri huu: nilikificha kwako. Kile kidude cheusi ndani ya foronya, katika kifurushi cha mashuka nilichomtumia wifi, ambacho watoto wanadhani ni redio ya shangazi, si redio.

Leo asubuhi nilimkuta Mkuu mlangoni, amelowa manyunyu. Aliniambia kwamba jana mkewe alimuuliza kwa nini amelala na kitambulisho cha mgeni. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba fundi wa zamani amepatikana kwa simu. Nilishindwa hata kugusisha kadi. Hakunikaripia. Alisema hakuja kuidai nakala, maana kanuni yangu inasema hurejeshwa Ijumaa, naye atasubiri Ijumaa. Halafu akasema kazi ya kuitunza bado ni yangu nikiitaka, kwani kanuni ilisema nje ya jengo, haikusema umbali gani.

Basi nakuomba umpe wifi kifaa hicho aje nacho Ijumaa anapokuja huku kupimwa macho. Akifungie katika mkoba, asikiweke karibu na maji ya kunywa. Kama atarudi kwako peke yake au na mimi, sijui. Nikishaamua nitakuandikia, na safari hii sitakawia.

Jambo moja dogo. Kama si taabu, mwombe fundi wa umeme aweke taa ya kijani juu ya mlango wa kile chumba. Sisemi kwamba nakuja. Naulizia tu.

Wasalimie watoto, na uwakataze kukibonyeza kile kidude.

Ni mimi dada yako,
Mtunza nakala (hadi Ijumaa)