Umeme wa Macho Yangu

Tetu, Jumapili

Ndugu yangu Dedan,

Huku tuko wazima, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Nimeandika kwa sababu ya macho yangu. Unajua ninavyojikwaa jua likishatua. Daktari Roshni wa Nyeri mjini alinikalisha gizani mpaka nikazoea, akaniwekea kwenye jicho uzi mwembamba uliounganishwa na kompyuta, akamulika mwanga hafifu. Kumbe jicho hutoa umeme, na kompyuta huuchora kama mawimbi! Lakini mstari wangu ulilala tu. Kisha akawasha taa kali inayopepesa haraka, na mawimbi yakaruka vizuri.

"Mbona ule mstari ulilala na huu unaruka?" nikauliza.

"Nyuma ya jicho kuna seli aina mbili, mama. Fito huona gizani. Koni huona mchana, pamoja na rangi. Koni zako ziko sawa. Fito ndizo hazijibu."

Nilimuuliza maswali mpaka akacheka. Halafu akauliza kama kuna mwingine kwetu, nikamkumbuka Baba. Jioni alikuwa akianguka mtaroni, na watu wakasema ni pombe. Dedan, Baba hakuwa amelewa. Alikuwa haoni.

Daktari anasema hali hii hurithiwa. Mimi nitaingia nyumbani mapema, basi. Lakini wewe unaendesha lori usiku. Niambie ukweli: barabara unaiona, ama unafuata tu taa za gari la mbele?

Nasubiri simu yako, hata kama utanikasirikia.

Dada yako,
Wacera