Koko, Leo Naipiga Bila Biti

Koko wangu,

Shikamoo. Najua hutaitika marahaba, tulishakuzika Kisongo, ila ningeanza kuongea na bibi yangu bila shikamoo si ungenifokea!

Niko kanisani Elerai, nimekaa kwenye kinanda, nakuandikia kwenye simu. Leo napiga ile preludi, muziki wa kinanda kitupu! Ile ya Mjerumani wa zamani sana, uliyokuwa unaiita "wimbo usioimbika".

Unakumbuka nilivyojifunza? Kwa video, kinanda juu ya makreti ya soda pembeni ya zizi, waya tumeuvuta dirishani. Vidole vinaruka hatari! Wewe unakamua, mara ukauliza, "Wee, unafukuzwa na nani?" Nikakwambia ndivyo inavyopigwa, hata wa kwenye simu anapiga hivi. "Basi naye anafukuzwa." Ulicheka mpaka ng'ombe akasogea. Nilinuna wiki nzima. Kumbe video niliiwekea kasi mara mbili, mimi mwenyewe, nikasahau! Nilipokuja kukiri, uliniwekea tu mkono kichwani, ukaendelea kucheka.

Nikaanza upya. Shida kinanda chetu, ukibonyeze kwa hasira, ukibonyeze kwa upole, sauti ni ileile. Siku moja nikachelewesha noti ya chini, kidogo tu, ukaacha kukamua. "Hiyo. Rudia hiyo." Koko, nilikuwa sina nguvu wala upole wa kutumia, nina muda tu! Baadaye nikaja kusoma kwamba vinanda vingi vya enzi za yule Mjerumani vilikuwa hivyohivyo. Nilipiga kelele peke yangu.

Sasa mwalimu wa kwaya haelewi. Jana kaniambia, "Weka biti bwana, watu watasinzia." Nikamjibu, biti, ile midundo inayojipiga yenyewe kwenye kinanda, ikiingia kila noti inafika kwa wakati, hakuna inayosubiriwa. Akasema, "Haya, msanii. Wakisinzia, kuanzia Jumapili ijayo anapiga Neema." Na Neema anakitaka hiki kiti kweli, wala hafichi.

Nimekumisi. Siku hizi inabidi nijisikilize mwenyewe, na ni kazi, maana mimi najipenda.

Mchungaji ameingia. Biti nimeizima na sitaiwasha. Kabla ya sauti ya mwisho nitanyamaza, tena kirefu, mpaka mtu ageuke kuangalia kama umeme umekatika. Halafu ndo naishusha.

Kaa salama, Koko. Naanza.

Mjukuu wako wa kinanda