Mashine ya Nyumba ya Ipagala

Jumamosi, usiku

Mimi nikiingia duka lolote hapa Dodoma, bei inashuka yenyewe. Leo nimeipatia ile nyumba yangu ya kupangisha, ya Ipagala, mashine inayofua na kukausha, imara, kwa bei ya kutupa. Mpangaji alisema asipoipata anahama.

Muuzaji akanitania, "Mzee, kwa jua hili unakaushia nini?"

Nikamwambia mpangaji ana kichanga, anaogopa vumbi la kambani.

"Basi hii inakamua hata shuka. Huhitaji mtu wa kukushikia ncha ya pili."

Marehemu mke wangu ndiye alikuwa ncha ya pili, uani kwenye nyumba hiyo hiyo, tulipokuwa tukiishi humo. Alikuwa akivuta ghafla makusudi, niyumbe, acheke.

Ile bei ni uongo. Muuzaji alipotaja ncha ya pili, nilitoka dukani bila hata kuiuliza. Mashine sijanunua.