Hodi Tatu za Vampiri

Donji Jasik,
12 Machi 1973

Kaka yangu Vukašin,

Pokea salamu za nyumba nzima, watu na mifugo, maana hata ng'ombe wetu angekusalimu kama angejua kushika kalamu. Hujambo lakini? Kile kikohozi ulichotuandikia wakati wa Krismasi kimekuacha? Mama anauliza kama huko Linz bado unatoka kiwandani kichwa wazi huku unatiririka jasho, jambo alilokukataza tangu ukiwa na miaka sita. Anauliza pia, kama kila siku, utakuja lini. Nami kama kila siku namjibu kwamba hilo hujaliandika.

Sisi hatujambo. Goti la Mama linamsumbua mvua ikikaribia, ila akiulizwa anasema goti ni zima, mvua ndiyo mbaya. Kahawa uliyotuma ilifika. Ameificha nyuma ya gunia la unga na anaitoa kwa wageni wa maana tu. Mimi bado sijapanda cheo hicho.

Sasa habari yenyewe, na usinicheke. Mdogo wako ameandika mchezo wa kuigiza, tena wa kutisha, wa vampiri. Ndiyo, yule yule maiti anayetoka kaburini kunyonya damu, ambaye Bibi Stamena alikuwa akitutishia naye tusiguse plamu zake. Niliuandika majira haya ya baridi, mezani jikoni, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto wa shule. Jumamosi iliyopita tuliusoma mbele ya watu kwenye Jumba la Utamaduni.

Kuupitisha kwenyewe kulikuwa kazi. Unamkumbuka Ratomir, aliyekuwa akiuza mbegu? Siku hizi ndiye msimamizi wa Jumba, na ana penseli nyekundu ambayo haimtoki sikioni. Aliniita akaniambia, "Ndugu Desanka, wafu kutembea usiku katika kijiji cha kijamaa? Wakubwa watasema nini?" Nikamwambia, ndugu Ratomir, vampiri ni nani kama si mnyonyaji? Anakunywa damu ya wakulima na yeye hajawahi kushika jembe. Alilitafuna neno lile, kisha uso ukamkunjuka. Akasema kama ni mnyonyaji basi hakuna tatizo, ila niongeze kwamba enzi za uhai wake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka. Nikaongeza kinu. Hata hivyo akasema kwanza tuusome tu, wasomaji wakae mezani na karatasi zao, bila mavazi wala mapazia. Watu wakiupenda, ndipo utapanda jukwaani mwezi wa Mei.

Nikuambie mchezo wenyewe unavyokwenda. Kuna kijana aliyekufa ugenini, akazikwa kwenye udongo usiomjua. Hatulii. Kila jua likizama anafika kijijini kwao, na asubuhi kondoo wanakutwa wamekauka kama ngozi juani, na watu wanaamka weupe, hawana nguvu hata ya kufunga vifungo. Anachotaka ni kuingia nyumbani kwao, lakini hawezi kuvuka kizingiti mpaka mtu wa nyumba hiyo amkaribishe. Kwa hiyo anapiga hodi. Anapiga mara tatu, na ndani wazazi wake wamekaa wanamsikia, na hawajibu. Niliufanya utishe kwelikweli, Kaka. Nikiusoma peke yangu nilikuwa nageuka kutazama mlango.

Vampiri alisomwa na Sreten wa posta. Najua unacheka. Nilimtaka mwenye sauti nzito, lakini mwenye sauti nzito kijijini ni kasisi, na huyo asingethubutu. Sreten ana sauti laini kama ya mtu anayembembeleza farasi, na Jumamosi alikuwa na mafua juu yake. Hata hivyo alijiandaa. Mkewe aliniambia alikuwa akifanya mazoezi njiani na baiskeli yake, na mbwa wote wa bondeni sasa wanamkimbia.

Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Walikuwa wamekuja kuona meno na damu, wakakuta meza, jagi la maji na watu wanne wenye karatasi. Kutoka nyuma mmoja akapaza sauti, "Jamani, tumekuja kuogopeshwa au kuna mkutano wa ushirika?" Watu wakaangua kicheko. Mama alikaa mstari wa pili, amejifunga kichwani kitambaa chake cheusi cha msiba, mikono mapajani. Sikuwa nimemwambia mchezo unahusu nini.

Tukaanza. Neno "vampiri" lilipotajwa mara ya kwanza, Bibi Stamena akajibu palepale, kwa sauti kavu, "Miiba njiani kwake!" Na ukumbi mzima ukaitikia baada yake. Nilikuwa nimesahau, Kaka! Mimi mwalimu, mtoto wa hapa hapa, niliandika mchezo mzima nikasahau kwamba kwetu jina hilo halitajwi bila kinga, maana mwenyewe anaweza kusikia akadhani anaitwa. Na mimi nimelitaja mara arobaini na moja! Kila likitajwa, "Miiba njiani kwake!" Mtu anakufa kwenye mchezo, mjane anataka kulia, hapati nafasi. Mwishowe Ratomir akasimama na penseli yake, akawaomba wananchi watulie, hii ni sanaa, huyu vampiri ni wa karatasi, hana masikio. Bibi Stamena akamtazama juu mpaka chini. "Wewe umejuaje kama hana? Ulimpima?" Ratomir akakaa.

Basi wakaendelea, na ajabu ni kwamba kile kicheko kilikwisha chenyewe. Jinsi hadithi ilivyozidi kuwa mbaya ndivyo lile jibu lao lilivyozidi kuwa la kweli. Kina mama wakashikana mikono. Yule mpiga kelele wa nyuma akahamia mbele, karibu na wenzake. Mimi peke yangu sikuwa naogopa vampiri. Kila waliposema "miiba njiani kwake" nilikuwa nakuona wewe langoni, na sanduku lako la mbao, na Baba amesimama kwenye baraza anatetemeka kwa hasira kwa sababu umekataa shamba. Maneno ambayo watu humwambia maiti anayetembea, yeye alikuambia wewe, mwanawe: miiba njiani kwako. Najua hupendi niyataje. Miaka tisa umetuma kahawa, umetuma viatu, umetuma hata shada la maua siku tuliyomzika Baba mwezi wa Novemba, ila mguu wako hujautuma. Uliniandikia baada ya mazishi kwamba aliyeifunga njia amekufa bila kuifungua. Barua ile ninayo.

Tukafika mwisho. Sreten akaweka karatasi chini, kwa sababu sehemu ile aliijua kwa moyo, akasema, "Hodi." Kwa ile sauti yake laini, tena yenye mafua, kama mtu aliyelia njia nzima. "Hodi, wenyewe." Mtoto mmoja akaanza kulia, mama yake akamfunika kwa shali. Akasema mara ya tatu, "Hodi. Ni mimi." Kwenye karatasi imeandikwa hakuna anayemkaribisha, baba anasema miiba njiani kwako, taa inazimwa, basi. Ukumbi ulikuwa umeshafungua vinywa kumsaidia yule baba. Ndipo Mama aliposimama.

Unamjua Mama, hata kanisani hapendi kupita mbele za watu. Alisimama na goti lake akasema, "Nyamazeni nyote!" Wakanyamaza, na Bibi Stamena naye. Halafu akamgeukia Sreten, lakini hakuwa anamtazama Sreten. Akasema, "Karibu, mwanangu. Pita. Njia ni nyeupe."

Sreten akanitazama, akatazama karatasi, hakuna msaada kule. Mwishowe akajibu kwa sauti ndogo, "Asante, Mama," akajifuta pua, na huo ukawa mwisho wa mchezo. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walivaa makoti polepole, na wengi walipita kwanza kwa Mama wakamgusa bega. Hata Ratomir alinijia macho mekundu, akasema niuandike mwisho ule kama ulivyotokea, Mei tutaupandisha jukwaani, na kinu naweza kukitoa.

Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono kwa sababu ya matope. Nilimngoja anikemee kwa kuanika mambo yetu mbele ya kijiji. Hakunikemea. Alisema alijua tangu hodi ya kwanza kwamba yule si maiti, ni Vukašin wake. Kisha akasema, na haya ni maneno yake yenyewe, "Mimi nimeshamsamehe, hata kwa kutoijibu ile barua ya baba yake."

Najua hapo umeacha kusoma. Unajiuliza, barua gani?

Mficha uchi hazai, Kaka, nami nimeficha vya kutosha. Wiki mbili kabla hajafa, Baba aliniita kitandani. Mikono yake ilikuwa haishiki tena kalamu, na Mama unamjua, herufi zake haziendi mbali zaidi ya jina lake. Akaniambia, "Mwandikie Vukašin. Mwambie miiba nimeiondoa kwa mkono wangu. Mwambie aje nimwone." Nilichukua karatasi. Niliandika tarehe na "Kaka mpendwa." Halafu nikaikunja, nikaitia jikoni kwenye moto.

Kwa nini? Kwa wivu. Sina neno jingine la kulipamba. Miaka tisa nilimpikia, nilimwosha, nilimgeuza kitandani usiku na mchana, nilimkataa mwalimu wa Užice aliyetaka kunioa ili Baba asikose wa kumuuguza, na siku ile alinishika mkono kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto, nikadhani sasa ataniambia asante, kumbe anataka nikuite wewe. Nilisema moyoni, acha naye angoje kidogo. Nilidhani kungekuwa na muda. Kila asubuhi akaniuliza, "Amejibu?" Nami nikamjibu, "Bado, Baba. Posta inachelewa." Aliposikia baiskeli ya Sreten alikuwa akiinua kichwa kitandani na kuuliza kupitia dirishani kama kuna kitu kutoka Linz. Sreten alijua hakuna barua iliyotoka kwetu, mtu wa posta hafichwi. Alinitazama tu, akamjibu, "Bado, mzee Milun." Hajawahi kunidai neno. Siku ya mwisho Baba hakuuliza tena. Alisema, "Ana haki," akageukia ukuta.

Alikufa akiamini umemkataa, Kaka, na wewe umeishi ukiamini amekukataa, na aliyekaa katikati na kuwanyonya nyote wawili alikuwa mimi. Sasa unajua niliandika mchezo ule juu ya nani.

Jumamosi ile ile, kabla Mama hajavua kitambaa, nilimwambia yote, pale pale jikoni. Nilikuwa tayari anipige. Alikaa kwenye kiti cha Baba. Halafu nikaona mabega yanamtikisika, nikapiga magoti nimwombe msamaha, kumbe ndani ya kilio chake kulikuwa na kitu kama furaha. Alikuwa akirudia neno moja tu: "Kumbe hakukataa. Desanka, kumbe mwanangu hakukataa. Hakuambiwa." Mimi nilikuwa nimemwungamia dhambi yangu, na yeye alichosikia ni kwamba amerudishiwa mtoto.

Hajanisamehe bado, usidhani. Leo asubuhi kaniwekea mkate mezani bila kunitazama. Ila alinitolea kahawa yako, akanimiminia kikombe kizima, akasema, "Kunywa, uwe na nguvu za kuandika." Naye amekaa mbele yangu sasa hivi, anahakikisha kalamu inatembea.

Kwa hiyo nakupa ninachodaiwa, maneno ya Baba kama alivyoyasema: miiba ameiondoa kwa mkono wake. Uje akuone. Kukuona hataweza tena, na hilo nitalibeba mimi, si wewe.

Mama anakusalimu, na anasema ukija uvae kofia. Majirani wanakusalimu. Sreten anakusalimu sana, na amesema bahasha hii ataipeleka mjini mwenyewe, hataingoja gari la posta.

Mimi sikuombi unisamehe kwa barua. Karatasi haifai kwa kazi hiyo, unaona nilichokwisha kuifanyia. Njoo nyumbani, Kaka. Njoo unikasirikie hapa, usoni pangu.

Mdogo wako,
Desanka