Mkono wa Mama Ndani, Wangu Nje

Jumamosi, Wingwi. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kuchoma. Naandika kwa simu na kioo chote kimejaa matope. Potelea mbali, nitakifuta baadaye.

Leo nimeona jambo.

Tangu mama apooze upande wa kulia, nyumba hii imekosa raha. Mama ni mfinyanzi. Vyungu vyake vinapikiwa mchuzi tangu hapa mpaka Chake Chake, na watu huvitambua kwa midomo yake, myembamba, imekunjwa nje kidogo. Sasa mkono uliokunja midomo hiyo umelala tu mapajani. Hospitali walimpa mpira wa kuminya, akautupa uvunguni. Kula hataki. Anaona haya kutia mkono wa kushoto kwenye sahani, na kulishwa ndiyo hataki kusikia kabisa. Amekonda, jamani! Naogopa nitamzika kwa haya tu.

Jana aliniambia nichukue jiwe lake la kusugulia vyungu nikampe Bi Time, jirani yetu. Kwetu mfinyanzi akigawa jiwe lake ndiyo keshaaga kazi. Nikajifanya sikusikia, nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Basi leo nikatoa udongo wa bondeni, nikauchanganya na mchanga, nikaanza mtungi mkubwa uani. Mama nilimweka mkekani karibu yangu, makusudi. Naye makusudi akanipa mgongo. Haya, tuone nani mkaidi zaidi.

Lakini nilikuwa na haraka, na udongo ulikuwa bado rojorojo. Nikapandisha ukuta, nikapandisha, mara ubavu ukaanza kubonyea ndani.

"We! Waniulia mtungi!" Mama huyo, keshageuka, keshatia mkono wa kushoto ndani mpaka kwapani. "Piga nje! Wangoja nini?"

Nikapiga.

Subhanallah.

Maisha yangu yote nilikuwa nikitazama mkono wake wa kulia. Ule wa nje, unaopiga na kukwangua, ambao wageni huusifu. Wa kushoto ulikuwa ndani ya chungu siku zote, hauonekani, umeshikilia ukuta usianguke. Sikuwahi hata kuuwaza. Leo niliusikia kwa kiganja changu, kupitia udongo. Ukisukuma, nami napiga papo hapo. Palipo pazito unatulia unanisubiri. Nikawa nazungusha kwa mguu kigae kilichobeba mtungi, nao unapanda wenyewe kama umeitwa.

Mtu hawezi kujifunga kanga yake, na mkono wake umo gizani mle, unajua kila kitu! Nililia, nasema kweli, machozi yakaingia kwenye udongo na sikuyafuta maana mikono ilikuwa kazini.

Tulipofika shingoni nikangoja anielekeze mdomo. Mdomo hajawahi kuniachia. Hata chetezo cha kufukizia udi harusini kwangu, nilikifinyanga mimi, mdomo akaukunja yeye.

"Kunja wako," akasema.

"Wangu utapinda, mama."

"Na upinde. Mie sitaki watu waseme ni wangu huo."

Akacheka! Kwa upande mmoja wa uso, lakini alicheka, na sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Nikakunja. Umepinda kweli, tena vibaya. Akaupitishia kidole pole pole mpaka kikarudi kilipoanzia, akatikisa kichwa, akasema mashaallah. Sijui alikuwa ananidhihaki au vipi. Sitaki kujua.

Nikamnawisha, nikaleta wali na mchuzi wa pweza, nikauweka mbele yake na kujitia nafagia uani. Nilifagia mpaka pasipo na uchafu. Nilipogeuka, sahani ilikuwa nusu, na mkono wa kushoto ulikuwa njiani kuelekea mdomoni, kucha bado zina udongo. Hakuuficha.

Akatafuna, akameza, akanitazama.

"Udongo wa kesho upo?"

Haupo. Nimeumaliza wote kwenye mtungi ule.

"Upo, mama," nikamwambia.

Jua bado lipo. Naacha kuandika hapa, natafuta jembe niwahi bondeni kabla ya Magharibi.